Mbuna wangu, maji ya bomba na maji ya boza

Nafuga mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Malawi, katika tangi la lita 200 sebuleni kwangu Nairobi. Ni wagomvi kama makanga wa matatu, lakini wamezoea maji ya alkali, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.7 hadi 8.6. Maji yetu ya bomba, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini, ni laini mno. Ukifua nayo, povu linajaa beseni kwa sabuni kidogo tu.

Mwaka wa kwanza nilipima pH peke yake. Wiki baada ya wiki ilisoma 7.6, nikaridhika. Asubuhi moja nikawakuta wamebana mapezi, wanatweta juu ya maji. pH: 6.2. Kumbe bakteria wa kichujio, wakigeuza amonia ya kinyesi kuwa nitrati, huacha asidi, na asidi hiyo humezwa na kabonati iliyomo majini. Kabonati ikiwapo, hata ikibaki kidogo, pH haikuambii kitu. Ikiisha, ndiyo inaporomoka.

Nikanunua kipimo cha KH, yaani ugumu wa kabonati. Unachota mililita 5 za maji, unatia dawa tone moja moja huku ukitikisa, mpaka rangi ya buluu igeuke njano. Kila tone ni digrii moja. Yangu yaligeuka njano kwa tone la kwanza. Siku hizi nachota mililita 10, kila tone linakuwa nusu digrii, na macho yangu hayabishani.

Dawa ni soda ya kuokea, gramu 6 hivi, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila digrii katika lita 200. Mara ya kwanza niliuziwa baking powder. Ile ina asidi na wanga ndani yake. Maji yakawa ukungu na KH haikusogea. Nilipoirudisha, mama wa duka alinitazama kwa huruma: "Kijana wangu, si zote ni za keki?" Jirani naye akashauri magadi ya kupikia maharagwe. Kabonati ingeongezeka kweli, ila magadi hurusha pH juu mno kuliko soda, nami nilikuwa naogopa mruko. pH ikiwa chini, amonia nyingi hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa; ukiipandisha ghafla inageuka sumu. Basi nikabadilisha maji kidogo kidogo na kutia kijiko kimoja kwa siku, hadi nikafika digrii sita.

Nilidhani nimemaliza. Ukaja mgao wa maji, tukaletewa boza. Nikabadilisha nusu ya tangi, nikatia soda kama kawaida, nikapima jioni: digrii kumi na mbili! Maji ya boza hutoka kisimani, na visima vingi vya Nairobi vina bikabonati ya sodiamu kwa wingi, pamoja na floraidi inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Mbuna walivumilia, wana roho ngumu. Samaki wa maji laini wasingesamehe.

Tangu hapo napima ndoo kabla ya tangi. Bomba hunipa digrii mbili, boza lile kumi na sita, kwa hiyo ndoo moja ya boza kwa mbili za bomba hunifikisha kati ya sita na saba bila soda hata chembe. Bomba likikauka kabisa, nazimulia kwa maji ya mvua ya paa, ambayo karibu hayana kabonati.

Jumapili iliyopita dereva wa boza alikuja na maji ya kisima kingine. Digrii tisa. Nikageuza hesabu, ndoo mbili za boza kwa moja ya bomba, jioni nikasoma sita na nusu.