Kwa nini bima yako ya maisha ni ghali kuliko ya jirani

Bei huanza na jedwali la vifo, yaani takwimu za watu wangapi hufariki katika kila umri, kwa umri wako. Tuseme kiwango ni shilingi 4 kwa kila 1,000 ya kinga, yaani fedha watakazolipwa warithi: kinga ya milioni 2 ni 8,000 kwa mwaka. Presha ikikuongezea asilimia 50, unalipa 12,000.

Wengi hunaswa kwenye sigara. Mkojo hupimwa kotinini, mabaki ya nikotini yanayokaa mwilini siku kadhaa. Ugoro nao huonekana. Kuacha wiki mbili kunaweza kupitisha kipimo, lakini fomu kwa kawaida huuliza miezi 12 iliyopita, na hapo ndipo watu hudanganya. Ukifariki mapema baada ya kukata bima, kampuni huomba faili lako la hospitali. Daktari akiwa aliandika "mvutaji", warithi wanaweza kunyimwa malipo.