Nilivyomchunguza muuza unga wa kutibu sukari kwa kubadilisha laini tu

Watu walinishauri eti "angalia shuhuda, wakiwa wengi ujue dawa ni ya kweli". Ushauri wa ovyo kabisa. Mwaka 2011 shuhuda za kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo zilijaa nchi nzima, mia tano tu unapona sukari, presha mpaka ukimwi, na kuna walioacha ARV baada ya kunywa ambao leo hatunao.

Sasa mama yangu ana sukari, yuko kwenye metformin, vidonge vya sukari vya hospitali, mama mdogo akamrushia voisi ya WhatsApp ya mama mmoja anayeshuhudia unga wa mitishamba, dozi elfu themanini hivi, unamaliza sukari moja kwa moja. Sikubishana, maana kubishana na mama mdogo ni kupoteza bando. Nikampigia muuzaji nikasema nina sukari, akaniambia kijiko asubuhi kijiko jioni. Nikabadilisha laini nikawa na ngiri. Unga uleule, kijiko kilekile! Nikampa shemeji simu, yeye anatafuta mtoto, tukaweka spika mama kakaa pembeni, jamaa kwa sauti ya upole kabisa: "dada yangu, kijiko asubuhi, kijiko jioni". Mama alicheka mpaka kashika mbavu.

Nikaomba cheti cha usajili wa dawa, akanitumia picha kwa mbwembwe, kuikuza naona BRELA, wale wanaosajili biashara, yaani jina la biashara ndo limesajiliwa, unga wenyewe hata haujatajwa. Dawa za hospitali zinasajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa, za asili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na akikwambia imepimwa maabara muulize ilipimwa nini, kutokuwa na sumu siyo kuponya.

Raha ilikuwa kwa yule mama wa kwenye voisi, kumbe wanasali pamoja na mama mdogo, tukamfuata. Sukari yake ilikuwa 16 ikashuka 6. Ile 16 ulipima saa ngapi mama? Nimetoka kula pilau la harusi. Na 6? Asubuhi kabla ya chai. Vidonge vya hospitali je? "Aa hivyo naendelea navyo, yule kijana muuzaji kanikataza kuacha." Haya, kilichoshusha ni unga au vidonge? Angepima HbA1c ningemsikiliza, kile kipimo cha damu kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, pilau la jana halikibabaishi. Bei yake inategemea unapopimia ila si ya kutisha.

Mama anaendelea na metformin yake. Mama mdogo kaninunia, kumbe alishatanguliza nusu ya hela na jamaa sasa hapokei simu.