Hidaya haikufika Wete, basi nani kasema uongo?

Juzi tulikuwa barazani hapa Wete, Pemba, baada ya isha, mie, ami yangu ambae ni mvuvi tokea hajaoa, na rafiki yangu mmoja anasomesha jografia skuli. Mazungumzo yakarudi pale pale yanaporudi kila ikikaribia masika, zile siku za kimbunga Hidaya, mwezi wa 5 mwaka 2024. Ami akatoa ile kauli yake, "mlitwambia kimbunga, nikapandisha chombo, siku tatu sikuingia baharini, mwisho hata kuti halikuanguka." Kila akisema hivo watu wanacheka na mie moyo unaniuma, mana mie ndie nliemwambia apandishe. Bas naandika hapa yale ambayo barazani sipewi nafasi kuyamaliza.

Kwanza tukumbuke kwa nini watu walikuwa hawaamini. Mwaka 2021 mwisho wa Aprili, tena ilikuwa Ramadhani, kilikuja kile kilichoitwa Jobo. Kilizaliwa huko upande wa Madagaska kikaelekezwa kwetu, pwani nzima ikatahadharishwa, sisi baada ya futari tunaangalia picha za setilaiti kwenye simu mpaka bando linakata. Kikafa njiani. Upepo wa juu ulikuwa unakwenda njia yake na wa chini njia yake, na hewa kavu ikakiingia tumboni, na kimbunga ukikifanyia hivo hakisimami, ni kama mnara wa mawingu unausukuma kichwa huku miguu imebaki kule. Kesho yake kila mtu anasema wale jamaa wa hali ya hewa hawajui kitu. Kwa hiyo Hidaya ilipokuja miaka mitatu baadae, imani ilikuwa ishapotea, na jina lenyewe kwetu hidaya ni zawadi, watu wakalifanyia maskhara mpaka basi. Jina halikuchaguliwa kwa ajili yetu wala, orodha inapangwa kwa herufi kila msimu kwa bahari yetu hii na kilikuwa cha nane, kikaangukia H.

Ami ana hoja moja ambayo ni ya kweli na lazima nimpe haki yake, anasema "Pemba hapafiki kimbunga, tokea wazee." Na sayansi iko nae kwa sehemu kubwa. Kimbunga kinataka maji ya moto, kiasi cha nyuzi 26 na nusu kwenda juu, hayo tunayo, masika bahari yetu inachemka. Lakini kinataka pia kuzunguka, na kuzunguka kunatokana na dunia yenyewe inavozunguka, ile kani ya Coriolis, ambayo kwenye ikweta ni sifuri na inaongezeka unavoondoka. Pemba tuko kama nyuzi 5 kusini. Ukipiga hesabu, kani tunayoipata hapa ni kama theluthi ya ile ya mtu alie nyuzi 15, huko kaskazini mwa Madagaska. Ndo mana vimbunga vingi vinashuka Msumbiji na Madagaska na huku tunabaki na mvua zetu.

Ila "ni nadra" na "hapafiki" ni maneno mawili tofauti, na hapa ndo mie na ami tunaachana. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, zama za Sayyid Barghash, hata miaka miwili hajatimiza kwenye kiti. Meli zake zikavunjika bandarini, mikarafuu ya Unguja ikang'olewa mashamba kwa mashamba. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo karafuu ikawa ya Pemba zaidi kuliko Unguja. Nlimwambia ami, hii mikarafuu ya babu tunayoigombea kila mavuno, na majamvi tunayokimbilia kuanua likija wingu, yana mkono wa kimbunga ndani yake. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema "hicho cha Unguja." Haya.

Turudi kwa Hidaya mana ndo penyewe. Zile siku za mwanzo wa Mei nilikuwa silali vizuri. Kituo cha Ufaransa kilioko kisiwa cha Réunion ndicho kinachofatilia vimbunga vya upande wetu, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania, wanatoa tahadhari za kwetu, na mie pembeni naangalia zile modeli, hesabu za kompyuta za utabiri. Watu wengi wanadhani utabiri ni mstari mmoja, kimbunga kitapita hapa, saa fulani, mwisho. Sivyo. Kituo cha Ulaya, ECMWF, hawaendeshi hesabu mara moja tu, wanaiendesha mara 51, moja kama ilivyo na nyengine 50 wanagusa kidogo hali ya mwanzo, joto hapa upepo pale, kwa sababu hakuna anaejua kwa uhakika kila kipande cha Bahari ya Hindi kiko vipi saa hii, kule katikati kuna setilaiti, meli na maboya machache, bas. Kila hesabu inatoa mstari wake wa njia ya kimbunga. Ukiona mistari yote imekusanyika kama nywele zilizosukwa ujue wana uhakika, ukiiona imetawanyika kama ufagio wa chelewa ujue bado. Siku zile mingi ilikuwa inalenga Mafia na Kilwa, lakini michache ilipinda juu, huku. Nikiiangalia ile michache namuona ami na chombo chake kiko nje.

Nikamwambia apandishe. Ijumaa tarehe 3 boti za Dar na Unguja zilisimama, Jumaosi tarehe 4 Hidaya ikaingia Mafia, ishaanza kupungua nguvu. Mvua yake ikaenda kuishukia Lindi, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ikakatika upande wa Somanga, watu wakakwama huku na huku. Sisi Wete mawingu tu.

Sasa mtu akiniambia utabiri ule ulikuwa uongo naumia kweli. Kimbunga kilikuwepo, kimefika nchi kavu, tena kwenye kisiwa, kiasi cha kilomita 300 kutoka hapa, na kilomita 300 kwa dhoruba kubwa kama ile ni karibu sana. Tahadhari ilisema kuna uwezekano, uwezekano ukaangukia kwa wenzetu. Hao wa Lindi nao wangeambiwa "hapafiki"?

Lakini pia nimejifunza kumsikiliza ami kwa jambo ambalo sisi wapenzi wa mawingu tunalipita haraka. Siku tatu bila bahari kwake ni siku tatu bila kitu mkononi, mafuta ya mashine alishanunua kwa deni, mabaharia wake wanne kila mmoja ana watoto. Mie kukosea kwangu hakunigharimu chochote, naifunga simu nalala. Kwa hiyo siku hizi simwambii tena "kinakuja" au "hakiji". Namwambia mistari mingapi inakwenda wapi, na lini tutajua zaidi, aamue mwenyewe, mana yeye kuamua bila uhakika ndo kazi yake tokea kijana, akienda dago, kambi ya wavuvi huko mbali, anaondoka hajui samaki wako wapi, anajua tu wapi kuna matumaini zaidi.

Na yeye kanipa kitu. Kuna kanuni ya mabaharia, Mholanzi mmoja anaitwa Buys Ballot aliieleza mwaka 1857, kwamba huku kusini mwa ikweta ukiupa upepo mgongo, kiini cha dhoruba kiko upande wa mkono wako wa kulia, kwa sababu vimbunga vya kwetu vinazunguka kama mishale ya saa. Nlimueleza ami nikidhani namfundisha. Akaniambia siku ya Hidaya pale bandarini upepo ulikuwa mdogo lakini umetoka bara, magharibi, na mwezi wa 5 kusi, upepo wa kusini, ishaingia, upepo wa bara mchana kutwa hauna kazi hapa. Hebu simama uupe mgongo upepo wa magharibi, mkono wa kulia unaelekea wapi? Kusini, Mafia. Wallahi nlisisimka. Aliiona Hidaya bila simu, ila hakujua kama anaiona.

Wiki mbili baadae kikaja chengine, Ialy, herufi inayofata. Hiki kilipanda juu kuelekea Kenya na Somalia, kikipita mashariki yetu. Safari hii ami kanipigia simu mwenyewe kabla sijasema kitu. Tukaenda pwani, akaupa upepo mgongo akanyoosha mkono wa kulia, ukaelekea Kojani, mashariki, bahari kuu. Nikafurahi nikasema umeona, kiko huko. Akatikisa kichwa, "hii kusi mwanangu, kusi mwezi huu ingevuma hivi hivi hata pasingekuwa na kitu."

Na kweli, kanuni peke yake hapo haitoshi, kusi na Ialy zilikuwa zinavuma njia moja, huwezi kuzitenganisha kwa mkono, lazima uangalie na picha. Nikamuonesha ule mzunguko kwenye simu. Akauangalia muda mrefu, akauliza unakwenda kasi gani, akauliza mistari imekusanyika au imetawanyika. Imekusanyika, nikamwambia, inakwenda kaskazini. Akatazama tena maji, mawimbi yalikuwa yanaingia marefu na mazito.

Akawaita mabaharia wake, tukakivuta chombo juu.