Jinsi nilivyochunguza na kurekebisha uongozi wa kampuni ya mchele iliyokua haraka

Gari la mpunga kutoka Ubaruku limefika getini Igurusi, mkoani Mbeya, saa 2 asubuhi. Saa 8 mchana bado halijashushwa. Mtu anayepita barabarani atasema vibarua ni wavivu, kumbe vibarua wamekaa juu ya magunia tangu asubuhi wakingoja neno moja tu. Kipimo cha unyevu kimesoma asilimia 16, na mpunga wa kuweka ghalani hautakiwi kuzidi 14. Mpokeaji mzigo anajua, mtunza stoo anajua. Lakini hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuukataa, kushusha bei, au kuagiza utandazwe uanikwe kwanza. Jibu liko kwa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Tunduma, mpakani na Zambia, anafuatilia malipo, simu haipatikani.

Kampuni hiyo ilienda vizuri sana ikiwa na watu 9. Ilipofika watu 63, ikiwa na kinu na ghala Igurusi, ufungashaji Mbeya mjini, duka Mwanjelwa na wakala mpakani, kila kitu kikaanza kulala. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro iko wapi na kupendekeza dawa. Naeleza hapa nilivyofanya, maana kampuni za namna hii ni nyingi ukanda wetu huu, za mbao Mafinga, za parachichi Njombe, za viazi Makete, na nyingi hukwama mahali pale pale.

Jambo la kwanza ni kutogusa chati ya uongozi. Karibu kila mwenye kampuni akiambiwa uongozi wake una shida, huchora visanduku, huandika vyeo, hubandika ukutani, na kesho yake watu huendelea kumpigia simu yeye. Chati huonyesha nani anamheshimu nani. Haionyeshi uamuzi unafanyikia wapi, na hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa hiyo nilianza na kauntabuku.

Kauntabuku ziliwekwa tatu: moja kwenye mizani, moja stoo, moja ofisini. Kila moja ilikuwa na safu tano: jambo lililotakiwa kuamuliwa, nani aliuliza, nani aliamua, saa lilipoulizwa, saa jibu lilipotoka. Siku 10 za kazi zinatosha. Chini ya hapo hupati siku ya malipo wala siku ya kuharibika mashine, na zaidi ya hapo watu huchoka. Zipo kasoro mbili ambazo lazima uzitarajie. Watu huandika mambo makubwa peke yake, wakati yanayokula muda ni madogo: mkanda wa kinu umekatika, nani anunue mwingine, mteja anataka mifuko 5 kwa mkopo, nani akubali. Pili, wengine hujaza yote Ijumaa kwa kukumbuka, na saa zote zinakuwa kamili, bila dakika. Dawa ya yote mawili ni kupita kila siku saa 11 jioni, kusoma pamoja na mwandishi ukurasa wa siku hiyo na kumuuliza, "Na lile la mkanda mbona halipo?"

Sambamba na daftari nilifanya mahojiano ya dakika 25 kwa kila mtu, mmoja mmoja, nikianzia kwa vibarua na kumalizia kwa mkurugenzi. Ukianzia juu, walio chini hupata habari ya majibu yanayotakiwa. Maswali yalikuwa matano na hayakubadilika. Jana ulikwama wapi? Ulimwendea nani? Nani akikuambia acha kazi hii ufanye ile, unaacha? Wakikuambia wawili tofauti, unamfuata yupi? Ni kitu gani unakijua ambacho ofisini hawakijui? Swali la nne ndilo lililotoa mengi kuliko yote. Mwendesha kinu mmoja, akimtaja shemeji wa mkurugenzi, alijibu hivi: "Dada, msimamizi akisema simamisha na shemeji akisema endelea, mimi naendelea. Shemeji anakaa nyumba moja na bosi."

Kutokana na majibu hayo nilichora ramani mbili kwenye manila. Ya kwanza, nani anapaswa kumwongoza nani kwa mujibu wa barua za ajira. Ya pili, nani hasa anatoa amri. Kila mtu mwenye mistari miwili ya amri juu yake nilimzungushia wino mwekundu. Kanuni kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkuu mmoja si mpya. Mfaransa Henri Fayol, injinia wa migodi, aliiandika tangu mwaka 1916. Anayeivunja hasikii maumivu yeye. Anayeumia ni mwendesha kinu.

Hesabu nazo zisirukwe. Waliokuwa wakiripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi walikuwa 14. Kati ya watu 9 kuna jozi 36 za watu wanaoweza kuhitaji kuelewana. Kati ya watu 63 jozi ni 1,953. Watu wameongezeka mara 7, jozi zaidi ya mara 50. Mwaka 1933 mshauri wa uongozi V. A. Graicunas alionyesha kwamba hata kwa mkuu mmoja, akiwa na watu 5 chini yake, mahusiano yanayowezekana, ya mtu na mtu na ya makundi, ni 100. Akiongezewa wa sita yanakuwa 222. Usizichukue namba hizo kama saa za kazi, kwa sababu si kila uhusiano unatumika kila siku. Zinachoonyesha ni kwa nini bosi aliyemudu watu 9 kwa kumjua kila mmoja hawezi kumudu 63 kwa njia ile ile, hata akilala ofisini.

Daftari lilipofungwa, kila uamuzi niliuweka kwenye fungu moja kati ya manne: usio na mwenyewe, wenye wenyewe wawili, wenye mwenyewe aliye mbali, na wenye mwenyewe aliye karibu lakini hana taarifa au hana fedha ya kuutekeleza. Mafungu haya yana dawa tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya watu wabadilishe mameneja kila mwaka bila nafuu. Kwa kampuni hii fungu zito lilikuwa la tatu. Watu hupenda kusema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha alikuwa mmoja, na chombo kilikwenda mrama kwa sababu usukani, tanga na nanga vyote alivishika yeye.

Kushusha maamuzi ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kila uamuzi huteremshwa hadi kwa mtu wa chini kabisa mwenye taarifa ya kuuamua. Unyevu wa mpunga anaujua mpokeaji mzigo, basi aamue yeye, kwa jedwali lililoandikwa na kubandikwa kwenye mizani: asilimia 14 kushuka chini, pokea kwa bei ya siku, juu ya 14 hadi 16, chagua kati ya kuanika kwa gharama ya muuzaji na kupunguza bei kwa kiwango kilichoandikwa, juu ya 16, rudisha. Kila gari lipimwe sampuli za magunia yasiyopungua 10, kutoka mbele, katikati na nyuma, maana wauzaji wanajua sana kupanga makavu mlangoni. Bei ya siku hutolewa na meneja kabla ya saa 1:30 asubuhi. Isipotoka, ya jana inaendelea. Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi lakini usiisahau: kila uamuzi unaotegemea mtu wa juu uwe na jibu la akiba endapo hapatikani.

Kwa upande wa fedha, mipaka isikadiriwe kwa hisia. Chukua hati zote za malipo za miezi 3, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tafuta mahali ambapo hati ni nyingi sana lakini jumla ya fedha yake ni ndogo. Hapo ndipo pa kumwachia msimamizi. Kwetu mpaka wa msimamizi wa zamu ulikaa shilingi 150,000 kwa tukio na wa meneja wa kituo shilingi 2,000,000. Zaidi ya hapo, mkurugenzi. Weka pia kikomo cha wiki, la sivyo ununuzi wa 400,000 utakatwa vipande vitatu. Na ugawaji wa madaraka usivunje kinga: anayepima asiwe anayelipa, na anayetunza stoo asiwe peke yake anayeandika leja. Hesabu mbili zilinganishwe kila Jumamosi: mpunga uliokobolewa dhidi ya mchele, chenga na pumba zilizotoka. Kilo 100 za mpunga mzuri zikitoa mchele, pamoja na chenga, chini ya kilo 60, ama kinu kina tatizo, ama mpunga ulikuwa mbovu, ama kuna mlango unaovuja.

Suala la ndugu halikwepeki. Shemeji yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mamlaka yasiyo na jina. Njia ni mbili tu. Apewe cheo kamili chenye wajibu, mshahara na mtu wa kumripoti, au atoke kwenye mstari wa amri na abaki na kazi inayomhusu. Mazungumzo hayo ayafanye mwenye kampuni mwenyewe, nyumbani, kwa heshima, kabla ya tangazo la kazini. Akisikia kwanza kwenye kikao mbele ya vibarua, umetengeneza mgogoro wa ukoo.

Sheria nayo ina sehemu yake. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, maelezo ya kazi ya mtu yakibadilika mwajiri anatakiwa kushauriana naye na kurekebisha maelezo hayo kwa maandishi. Kila aliyebadilishiwa majukumu alipata barua na tukazungumza kabla hajasaini. Msimamizi anayepanga zamu afundishwe pia mipaka ya saa: 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki 4. Ukimpa mtu mamlaka ya kupanga zamu bila kumfundisha hili, umempa uwezo wa kuiletea kampuni kesi.

Kumpandisha fundi bora wa kinu kuwa msimamizi ni kosa nililoona likifanywa kwa nia njema kabisa. Unapoteza fundi na kupata msimamizi anayerudi kwenye mashine kila akisikia mlio usio wa kawaida. Alikubali cheo kwa sababu mshahara haukuwa na njia nyingine ya kupanda. Weka ngazi ya mshahara ya fundi mkuu, sawa na ya msimamizi, ndipo umuulize anataka ipi.

Majaribio yalifanyika kituo kimoja tu, Igurusi, kwa wiki 4 za mwezi Machi, mpunga mpya ukiwa bado mashambani. Mfumo mpya usianze msimu ukiwa umepamba moto. Kila asubuhi dakika 15, wote wamesimama kwenye mizani: nini kilikwama jana, nani anakishughulikia, lini. Kinachoua mfumo katika wiki ya pili ni simu ya bosi. Mtu anaruka ngazi, bosi kwa wema anajibu, na msimamizi hana kazi tena. Tulikubaliana ajibu kila mara kwa swali, "Umemuuliza msimamizi wako?", na kila aliporukwa msimamizi iandikwe kwenye kauntabuku. Wiki ya kwanza mistari ilijaa ukurasa mzima. Wiki ya nne ilikuwa 6, na 4 kati yake zilihusu mikopo ya wafanyakazi, jambo ambalo jedwali letu lilikuwa limelisahau. Likaongezwa.

Ufungashaji wa mjini umefuata. Duka la Mwanjelwa bado, kwa sababu mwenye kushika fedha pale hajapatiwa msaidizi, na bila mtu wa pili huwezi kutenganisha kuuza na kuhesabu. Tangazo la nafasi limeshatoka. Kauntabuku mpya tatu ziko kabatini. Zinafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Mei, kabla magari ya Ubaruku hayajaanza kupanga foleni.