Ngoma Iliyonisemesha Ikeja

Mwaka 2018 shemeji yangu alikuwa na kazi ya meli bandarini Apapa, Lagos, akanitumia tiketi nikamtembelee. Mimi ni mpuliza saksafoni wa bendi za dansi Dar es Salaam, na kusema kweli nilikwenda kwa ajili ya Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria aliyeanzisha Afrobeat, zaidi kuliko kwa ajili ya shemeji. Yeye muziki haumwingii kabisa. Wiki nzima hadithi ni Simba na Yanga. Hata hivyo ndiye aliyenifikisha kwenye shughuli hii, maana bosi wake, Myoruba, alikuwa anamfanyia mama yake karamu ya kutimiza miaka 80 nyumbani kwao Ikeja, na mgeni wa mgeni naye akakaribishwa.

Maturubai yalifunga mtaa mzima. Wanawake wa ukoo walikuwa wamepiga sare ya buluu, vilemba vya gele vimesimama juu ya vichwa kiasi kwamba aliyekaa nyuma yao asingeona kitu. Bendi ilikuwa pembeni: drams, besi, magita mawili, kinanda, tarumbeta, saksafoni ya tena na kijana mmoja wa sekere, kile kibuyu kilichovalishwa wavu wa shanga. Walikuwa wakipiga jazz laini ya kusindikizia chakula. Walipiga vizuri, ila hakuna aliyewasikiliza, na mimi nilikuwa nahangaika na wali wa jollof uliojaa pilipili.

Ndipo wapiga dundun, ngoma za Wayoruba zinazosema, wakaingia getini. Mbele alikuwa mzee mwembamba, kila mtu akimwita Baba, ameivaa begani ile ngoma kubwa wanayoiita iya ilu. Umbo lake limebanwa katikati, ngozi mbili za mbuzi zimeunganishwa kwa kamba nyembamba za ngozi toka juu hadi chini, na pembeni zimefungwa kengele ndogo za shaba. Mkono mmoja unashika kijiti kilichopinda, mwingine unazikamata kamba. Ukizibana, ngozi inakazika na sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Nyuma yake kijana alikuwa na gudugudu, kingoma cha mviringo kinachoning'inia shingoni na kupigwa kwa vipande vya ngozi ngumu, na chenyewe kazi yake ni kushikilia mwendo tu, hakipandi wala hakishuki.

Baba akaenda moja kwa moja kwa yule bibi mwenye siku yake, akainama, akaanza. Nilisikia ngoma nzuri, basi. Lakini bibi alitikisa kichwa, akacheka, akajibu kwa mdomo. Baba akapiga tena, safari hii meza nzima ikaangua kicheko, na mzee mmoja akainuka kwa hasira ya mzaha kama mtu aliyesemwa hadharani. Bosi akaniinamia sikioni: "Amemkumbusha yule mjomba kwamba mwaka jana aliahidi mbuzi." Nikamuuliza amekumbushwa na nani, mbona hakuna aliyeimba? Akanionyesha ngoma.

Kwetu la mgambo likilia tunajua lina jambo. Jambo lenyewe tutalisikia kwa mdomo wa mtu. Wayoruba ngoma yenyewe inalisema. Lugha yao inakwenda kwa sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na zipo zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Mpiga ngoma anazifuata hizo hizo kwa kubana na kulegeza kamba, na msikilizaji anajaza maneno kwa kuwa misemo na majina ya sifa za ukoo anayajua tangu utotoni. Kiswahili hakiendi hivyo, ndiyo maana mimi pale nilikuwa kiziwi mwenye masikio mawili mazima.

Noti zikaanza kumwagika. Kutunza nakujua, nimepuliza kwenye kumbi ambako taarab ilitutangulia, lakini Lagos noti inabandikwa kwenye paji la uso la mpigaji, inashikwa na jasho. Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya 2007 inakataza kuzichezea naira namna hiyo. Usiku ule sheria haikualikwa.

Bendi ilipopumzika, shemeji akanichoma: "Huyu shemeji yangu anapuliza!" Kiongozi wao, yule wa saksafoni ya tena, akaja kuketi nasi na chupa ya maji, akataka kujua jazz ya kwetu. Nikamtajia bendi zetu za zamani: Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Akafurahi, akidhani tuna jazz kila mkoa, ikabidi nimweleze kwamba jazz ilikaa kwenye jina, kilichopigwa kilikuwa rumba yetu. Akacheka. Hata Fela, akasema, aliporudi kutoka chuo cha Trinity kule London na kuisuka upya bendi yake ya Koola Lobitos, muziki wake aliuita highlife jazz, highlife ikiwa ni muziki wa dansi wa Afrika Magharibi. Jina la Afrobeat lilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa maoni yake jazz yenyewe kwenye bendi ile ilikaa kwa Tony Allen, mpiga drams wa Fela aliyewasikiliza sana Art Blakey na Max Roach, wapiga drams wa jazz wa Marekani, kila mkono na kila mguu wake ukishika njia yake bila kugongana. Na aliyezisogeza ngoma hizi zinazosema hadi mbele jukwaani, pamoja na saksafoni, kwake yeye ni Lagbaja, yule anayepiga akiwa ameficha uso.

Kiongozi alikuwa na saksafoni ya alto ya akiba. Kipande cha mdomoni nilikuwa nacho changu mfukoni, huwa sisafiri bila hicho.

Wakaanza Afrobeat. Gita moja lilishika kijisentensi kimoja na halikukiachia tena, besi ikalijibu, sekere ikapita kati yao. Nikaungana na wapulizaji kwenye kiitikio, kazi rahisi. Kisha Baba akanigeukia, akanipigia kitu kifupi, akanyamaza. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikamrudishia noti zake zilezile. Baadhi wakatabasamu, bibi akatikisa kidole: bado. Baba akarudia polepole, akiinua kiwiko ili nione kamba zinavyobanwa. Noti ya mwisho haikusimama. Alilegeza mkono wakati mlio ungali hewani, ikateremka. Nikapuliza tena, nikalegeza midomo mwishoni hadi noti ikaanguka karibu nusu ya njia.

Kelele ilivyopigwa! Bibi alisimama. Bosi alikuwa akipiga meza: "Umemwambia Mama wageni wake wametoka mbali!" Bibi mwenyewe akanibandika naira usoni, mkono wake unanukia marashi, akaniambia kitu Kiyoruba ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Baba hakunipa nafasi ya kufurahi. Alinipa sentensi nyingine ndefu zaidi, na kiongozi akaichukua hiyo kwa saksafoni yake, akaipanua, akaizungusha kama mpiga jazz yeyote anavyocheza na wazo, ila kila mara akirudi mahali pale watu waliitikia kwa maneno. Hapo ndipo nilipoelewa anajenga solo juu ya nini.

Fedha zilikusanywa na mtoto mwenye mfuko wa plastiki. Wapiga ngoma walipewa mwanzo, na hakuna mpulizaji aliyelalamika.

Nilirudi Dar na ile sentensi ya kwanza. Nikaiingiza kwenye chemko, ile sehemu ya kasi, la kibao chetu kimoja, na mpiga gita la solo akaipenda bila kuniuliza imetoka wapi. Tunaipiga hadi leo. Tatizo ni mwenzangu wa tarumbeta: noti ya mwisho anainyoosha kama filimbi ya trafiki, kila zoezi namwambia aivute chini, na kila zoezi ananijibu kwamba hivyo alivyoipiga ndivyo inavyopendeza.