Madeni ya omena yamerudi daftarini

Nauza omena, yaani dagaa, soko la Kibuye, Kisumu, kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Wateja wangu wengi hukopa, na kwa muda mrefu madeni yao niliyaacha WhatsApp: "Mama, niwekee mbili, nitalipa Ijumaa." Ijumaa ikifika, ujumbe umeshafunikwa na salamu za asubuhi, mialiko ya harambee na video za vichekesho. Wengine waliufuta kabisa. Nikidai, naonekana mwongo.

Nilinunua daftari la kurasa 96, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, jina, gorogoro ngapi, amelipa ngapi, sahihi. Hiyo sahihi ndiyo dawa. Mtu akishika kalamu mwenyewe, hasemi tena kwamba hakuchukua. (Mmoja aliniuliza kama nimefungua benki.) Malipo ya M-Pesa nayaandika palepale pamoja na namba ya muamala, maana jumbe hizo nazo huzama.

Simu sikuitupa. Jioni kabla ya kufunga kibanda, naupiga picha ukurasa wa siku hiyo, kwa sababu daftari la kwanza lililowa mvua ya Aprili, wino ukasambaa wote. La sasa linalala ndani ya mkebe wa biskuti.