Dole Gumba la Mjomba

Mjomba wangu alipoteza mkono wa kulia mwaka 1995, katika maji ya mbele ya Mikindani, baada ya utambi wa baruti kuungua upesi kuliko alivyokadiria. Sitausimulia mkasa wenyewe kwa urefu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuusimulia, na kwa sababu pwani ya Mtwara ya miaka ile ilikuwa na wanaume kadhaa wenye vigutu, ambao kila mtu alijua wamevipata wapi na hakuna aliyewauliza. Ninachotaka kukieleza ni alasiri moja ya Novemba 2003, watu wakiwa wanasubiri kuandama kwa mwezi wa Idi, nilipomnyoa ndevu kwenye baraza ya nyumba ya bibi.

Kwa kawaida alijinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akibakiza viraka ambavyo hatukuthubutu kuvicheka. Siku hiyo mkono huo ulikuwa umevimba kwa kuchomwa na mwiba wa samaki, naye hakutaka kuswali Idi akiwa na ndevu za shaghalabaghala. Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha utabibu, nimerudi nyumbani kwa likizo, na nadhani alinichagua kwa kuwa aliamini kwamba mwanafunzi wa utabibu lazima ajue kushika wembe. Joto lilikuwa kali, na harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho ilitufikia hadi pale tulipokaa.

Shavu la kushoto lilikwisha bila neno. Nilipoanza la kulia, kidole kimoja hivi chini ya mfupa wa shavu, aliurudisha kichwa nyuma ghafla.

“Taratibu, mjomba,” akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili. “Umenigusa dole gumba.”

Niliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umetulia juu ya goti, mbali kabisa na mimi. Akatikisa kichwa, kisha akaelekeza kidevu kwenye kigutu kilichofichwa na mkono wa shati uliokunjwa na kufungwa kwa pini, chini kidogo ya kiwiko.

“Siyo hili. Lile.”

Nikadhani ananitania. Hata hivyo niliugeuza wembe nikamgusa kwa ncha ya mpini, nikimwomba afumbe macho. Karibu na sikio alihisi shavu, basi. Nilipoteremka hadi mahali pale pale pa mwanzo, akasema, “Dole gumba.” Juu ya mdomo, “Shahada,” yaani kidole cha pili. Pembeni mwa taya, “Cha mwisho.” Nilirudia bila mpangilio ili nimkamate akibahatisha, naye hakukosea hata mara moja. Kisha tone la maji lilichuruzika kutoka kwenye povu la sabuni, likapita shavuni polepole, na mjomba akafumbua macho akakitazama kigutu chake kwa mshangao, kama mtu anayengoja kuona maji yakidondoka sakafuni. Alisema alikuwa ameyahisi yakiteremka kiganjani.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka minane nilikuwa nimekaa naye sahani moja bila kulijua. Mkono ule, alisema, haukuwahi kuondoka. Ulikuwa umekunja ngumi, na usiku kucha zake zilimchoma kiganja hata akakosa usingizi. Wakati mwingine ulimwasha katikati ya vidole, na hapakuwa na pa kujikuna. Alikuwa amemweleza mama yake peke yake, yaani bibi, kwa kuogopa kuambiwa amepandwa na jini au amerukwa na akili. Bibi hakushangaa. Alikumbuka kwamba mkono ulipoletwa kutoka hospitali ukiwa umefungwa kwa kitambaa, ulizikwa kwa haraka bila mtu kuukunjua vidole, na kwa maoni yake dawa ilikuwa moja tu: kuufukua, kuunyoosha na kuuzika upya. Mjomba alikuwa amekataa, lakini niliona wazi kwamba alikuwa hajaacha kulifikiria.

Wiki chache kabla ya hapo, mwalimu wetu alikuwa ametuchorea ubaoni kikaragosi cha mtu mwenye midomo minene mno, viganja vipana kama makasia na mgongo mwembamba kama wa kunguru. Darasa zima lilicheka. Kilikuwa kinaonyesha utepe wa gamba la ubongo, ulio nyuma ya mfereji unaopita utosini kuelekea sikio, ambao hupokea habari za mguso. Upande wa kushoto wa ubongo huupokea mwili wa kulia, na wa kulia huupokea wa kushoto. Kila sehemu ya mwili ina kipande chake, na ukubwa wa kipande hufuata wingi wa hisia wala si ukubwa wa kiungo, ndiyo maana ncha za vidole zina eneo pana kuliko mgongo wote. Ramani hiyo ilichorwa na daktari Wilder Penfield huko Montreal, Kanada, ambaye pamoja na Edwin Boldrey aliichapisha mwaka 1937. Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu; akaugusa kwa umeme mdogo, mahali baada ya mahali, na kuwauliza wamehisi nini na wapi. Mpangilio wake si ule wa mwili: mguu uko juu kabisa, halafu kiwiliwili, mkono na vidole, na mara tu baada ya dole gumba unakuja uso.

Nilikuwa nimeyakariri hayo yote kwa ajili ya mtihani. Nikiwa nimeshika wembe, ndipo nilipoelewa kwamba shavu na dole gumba ni majirani, ijapokuwa si majirani mwilini.

Nilichukua kijiti nikamchorea mjomba mchangani, chini ya baraza. Nilimweleza, kama tulivyofundishwa wakati ule, kwamba eneo la mkono lilipokosa habari kutoka kwenye mkono, habari za uso zililivamia, kama shamba lisilolimwa linavyoingiliwa na jirani. Kwa uaminifu lazima niseme kwamba maelezo hayo yamepingwa baadaye: picha za ubongo wa watu waliokatwa mikono zimeonyesha kwamba wanapojaribu kuvichezesha vidole visivyokuwepo, eneo la mkono bado huamka, likiwa limehifadhi mpangilio wa kila kidole hata baada ya miaka mingi. Mabishano hayajaisha, nami siwezi kuyaamua. Ila tukifuata picha hizo, mjomba alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi, maana aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kisha akasema:

“Basi huko juu habari za msiba hazijafika.”

Nilimalizia ndevu zake kwa shida, kwa sababu kila wembe ulipopita shavuni alinitajia kidole. Nilipomfuta povu, aliniomba nimkune mahali pale chini ya mfupa wa shavu. Nilimkuna kwa ukucha. Akafumba macho, mabega yakamshuka, na akaniambia nisiache. Ngumi haikufunguka, na usiku ule ule nilimsikia akigeuka kitandani kama kawaida yake. Mwasho tu ndio uliopata dawa.

Asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, tulikaa jikoni tukila tende. Bibi alikuwa akimtazama mwanawe aliyevaa kanzu nyeupe na kujikuna shavu kwa utulivu, macho yamelegea.

“Huyu mtabibu wako amekunyoa kwa wembe mchafu?” akamuuliza.

“Hapana, mama,” mjomba akamjibu. “Najikuna mkono.”